Kingo za Mkanda wa Saa ya Baba

Leo nimeaibika mbele ya ukoo mzima. Aliyeniaibisha ni mbwa. Na mbwa mwenyewe hana kosa, kosa lote ni langu, ndiyo maana nimejificha nyuma ya jiko la mama huku Uru nawaandikia ninyi badala ya kwenda kusaidia kuosha masufuria.

Wanaonifahamu mnajua kazi yangu. Natengeneza mikanda ya saa, ya ngozi, kwa mkono, kwenye kibanda changu pale Rau. Mnajua pia ninavyowachosha wateja kwa habari za kingo. Mkanda hata uwe wa ngozi nzuri namna gani, kingo zikiachwa wazi jasho linaingia, ngozi inaachana tabaka kwa tabaka, mwisho unatupa. Kwa hiyo unapiga msasa, unapaka rangi, unaacha ikauke, halafu unapaka nta ya nyuki na kusugua kwa kitambaa kigumu mpaka zing'ae. Na kila mteja anapoondoka namwambia jambo moja: usije ukapaka mafuta ya kula. (Likumbukeni hilo. Mimi leo sikulikumbuka.)

Sasa baba. Tulimzika hapahapa kihambani, yaani shamba la ukoo letu, kwenye migomba nyuma ya nyumba, na leo ilikuwa arobaini yake. Alikuwa na saa moja tu maisha yangu yote, na kwenye saa hiyo alivaa mkanda wa kwanza kabisa niliowahi kutengeneza. Ulikuwa mbaya, jamani. Mishono inapanda na kushuka, kingo zimetoka nyuzinyuzi kama katani. Kila nilipopanda kumsalimia nilimwomba anipe niutengeneze upya, au avae mwingine. Alikataa. Alisema nikizilainisha hizo kingo atajuaje kwamba ni mimi niliyeutengeneza. Alisema hivyo anacheka, halafu anaenda zake kupalilia kahawa nao, kwenye mvua nao, kanisani nao. Tundu alilokuwa akifungia lilivutika mpaka likawa refu kama tundu la kifungo.

Kabla hajatutoka alimwambia mama kwamba saa ije kwangu. Baba mkubwa hakufurahi. Yeye ndiye kaka yake baba na ndiye msemaji wa ukoo, na aliona saa ya mwanamume iende kwa kaka yangu Deo. Deo mwenyewe akasema muda anaangalia kwenye simu. Basi ikaamuliwa kwamba leo, baada ya misa, vitu vya marehemu vikigawiwa, baba mkubwa atanivalisha saa ile mbele ya watu wote. Watu haohao ambao mpaka leo wananiuliza nitapata kazi lini. Mnaelewa nilivyojisikia. Nilitaka waione ile saa, wanyamaze.

Mama alikuwa amenipa saa mapema niisafishe. Jana, basi, nikauweka mkanda mezani pale kibandani nikaupiga msasa. Nyuzi zote zikatoka. Vumbi la kahawia likajaa mezani, nikalipuliza. (Leo ndiyo nimekaa nikafikiri lile vumbi lilikuwa nini. Jasho lake, udongo wa hapa, kahawa. Nililipuliza nje kama uchafu.) Nikapaka rangi, nikaacha ikauke usiku kucha, asubuhi nikafunga begi nikapanda Uru.

Nafika, kina mama wamejaa jikoni, mtori wa ndizi unachemka, supu ya mbuzi inachemka. Natafuta kona nimalizie kazi. Kitambaa cha kusugulia kipo. Kijiti kipo. Nta haipo. Nikakumbuka niliiweka kwenye kiti ili nisiisahau, na hapo kwenye kiti ndipo ilipo mpaka sasa. Kingo zikawa kavu, zimefifia, kama midomo ya mtu aliyefunga. Padri tayari anavaa sebuleni.

Nikaangalia sufuria ya supu. Juu yake mafuta yametulia, ya dhahabu, yananiangalia. Nikajiambia mafuta ni mafuta. (Mimi! Mwalimu wa kingo!) Nikachota kijiko, nikapaka, nikasugua. Shangazi akaniuliza nafanya nini pale na kijiko, nikamjibu naonja chumvi. Na niwaambie ukweli, nimetengeneza mikanda mingi lakini sijawahi kuona kingo zikimetameta namna ile. Nikaitia saa mfukoni nikaenda kusali.

Hapa lazima niwaeleze habari za Diwani. Diwani ni mbwa wa baba. Alipewa jina hilo kwa sababu alikuwa haonekani mpaka wakati wa chakula. Sasa tangu tumzike baba, Diwani hali. Anaramba maji, basi. Analala kizingitini, pale baba alipokuwa anavulia gambuti zake, na ukimwekea chakula anakiangalia tu halafu anageuza kichwa. Mbavu zinahesabika. Mama mwenyewe anakula kwa kulazimishwa, lakini kila nikipiga simu kuuliza hali yake ananipa habari za mbwa. Wiki iliyopita aliniambia, "Huyu naye atanifia."

Katikati ya mahubiri Diwani akainua kichwa, akanitazama. Akanitazama sana. Nikaona kumbe mbwa anaujua uchungu wangu, machozi yakanilengalenga.

Misa ikaisha, padri akaondoka, tukabaki na katekista na ukoo. Baba mkubwa akasimama uani. Koti la baba akampa Deo. Fimbo akaichukua mwenyewe. Kisha akaniita, nikampa saa, akainyanyua juu watu waione. Akazungumza vizuri, sitamnyima haki yake. Alisema marehemu hakuivua saa hii shambani wala hospitalini, na kwamba mkanda huu ulishonwa na binti yake. Alilitamka neno binti kwa heshima. Watu wakageuka kunitazama, na safari hii hakuna aliyeuliza habari za kazi. Hapo ndipo ningepaswa kuchukua saa na kukimbia.

Diwani akasimama. Mbwa ambaye hajasimama kwa hiari yake tangu mazishi. Akapita katikati ya viti taratibu, watu wanampisha, akafika kwa baba mkubwa, akanyoosha shingo akaanza kuramba mkanda. Shangazi akashika mdomo.

"Jamani," akasema, "anamkumbuka."

Basi ikawa kilio. Mama analia, Deo analia na koti lake, katekista ameinamisha kichwa. Na mimi nimesimama pale, mtu pekee katika kihamba chote anayejua kinachorambwa. Ningeweza kusema. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini nikamwona Diwani amefumba macho, anaramba polepole upande ule uliokuwa unakaa kwenye mshipa wa mkono wa baba, nikalia na mimi. Nilijua ni supu, na bado nililia kuliko siku ya mazishi.

Baba mkubwa, kwa sauti nzito, akasema, "Mwacheni amuage bwana wake." Akaishusha saa. Akamwekea mdomoni, kwa mkono wake mwenyewe.

Diwani akaichukua na kuondoka nayo kuelekea migombani. Upande wa kaburi! Ikawa kama watu wamepigwa na umeme. Mtu akasema anampelekea. Katekista akaanzisha wimbo, ule tuliouimba siku ya kumzika, na ukoo mzima ukamfuata mbwa kwa maandamano, kina mama mbele, wazee nyuma na kofia mikononi. Mimi nikajitahidi kupita pembeni niwahi mbele yao. Nikateleza kwenye ganda la mgomba nikakaa chini na gauni langu jeusi. Watu wakaninyanyua kwa upole, wakidhani ni uchungu umenizidi.

Tukafika kaburini. Wimbo ulifika ubeti wa pili, ukafa.

Diwani alikuwa amelala ubavuni mwa kaburi, saa ameibana kwa miguu ya mbele, anatafuna. Hatafuni kwa huzuni. Anatafuna kwa meno ya pembeni, kichwa ameinamisha upande, vile mbwa anavyokula mfupa. Tukiwa tumesimama hapo akameza kipande kirefu chote, kile chenye matundu, akajiramba pua. Halafu akaanza kunusa kipande cha pili.

Deo ndiye aliyemnyang'anya. Saa ilikuwa nzima, inatembea, imebaki na kipande kifupi chenye bizimu. Shangazi akaichukua ili aifute kwa kanga. Akaisogeza puani. Akaisogeza tena.

"Mbona inanuka supu?"

Kisha, polepole, akanigeukia mimi. Amekumbuka kijiko.

Nikaeleza. Mtu hawezi kuieleza habari ile kwa heshima, nimejaribu. Nikasema kingo zilikuwa kavu. Nikasema nta niliisahau Rau. Baba mkubwa akaniuliza mafuta gani hasa. Nikamjibu, "Ya juu ya sufuria, baba mkubwa." Wazee wote wakarudisha kofia zao kichwani. Katekista akawa anatazama migomba utadhani ameletwa kuikagua.

Mimi nilichokuwa naangalia ni kile kipande kilichobaki. Lile tundu refu, alilolivuta baba kwa mkono wake, halipo. Miaka yote ule mkanda na kingo zake mbovu ulikuwa mkononi mwa baba akivua gambuti pale kizingitini, Diwani yuko pembeni, wala haunusi. Baba aliniambia niziache, nami sikuziacha. Nikaanza kulia vibaya, kilio cha mtoto, pua na yote.

Ndipo mama akasema. Alikuwa amechuchumaa karibu na mbwa, mkono kwenye zile mbavu.

"Angalau leo amekula."

Akainuka akaenda jikoni, akarudi na bakuli la supu, akaliweka pale pembeni ya kaburi. Diwani akaliangalia, akamwangalia mama, akalimaliza lote. Na mama, jamani, akaanza kucheka. Kwanza mabega, halafu sauti. Akasema marehemu angekuwepo angeteta kwamba mbwa amepewa mkanda kabla ya wageni kupewa chakula. Shangazi akafuata, Deo akafuata, hata katekista akageukia migomba yake mabega yakimtikisika.

Baba mkubwa hakucheka. Alikwenda kwenye mgomba, akachana kamba ndefu ya ganda kavu, kama ile anayofungia mzigo wa majani ya ng'ombe, akaipitisha kwenye saa na kunifunga mkononi kwa fundo. Akasema neno la ukoo limetimizwa na watu wakale.

Kwa hiyo ndivyo nilivyo sasa, nyuma ya jiko, nanuka supu, gauni lina tope, saa ya baba mkononi imefungwa kwa kamba ya mgomba yenye kingo za nyuzinyuzi. Inanikwaruza. Sitaigusa kwa msasa wala kwa nta, na ikikatika nitafunga nyingine.

Nawaomba msinicheke. Mama ameshacheka kwa niaba yenu wote, na sikuwa nimemsikia akicheka tangu tumzike baba.