Ombi la Kumwita Mama Mkwe Nyumbani kwa Sababu ya Taa za Sikukuu

Mheshimiwa Baba Mkwe,

Shikamoo. Huku sote tu wazima, ila mimi nina dukuduku. Kwa heshima na taadhima naomba umwite Mama arudi kwako kabla ya sikukuu, kwa sababu zifuatazo:

1. Taa zangu. Nimezizungusha paa zima hadi langoni, nyekundu na kijani, zinakonyeza. Mama akiona wingu tu, hata lisiloweza kulowesha leso, anachomoa waya. Nilimweleza kwamba radi ina mbingu nzima ya kuchezea. Akanijibu kuwa radi haichagui nyumba kwa uzuri. Hilo limeniuma, maana nyumba ni nzuri.

2. Haishii kwenye taa. Anachomoa jokofu, redio, na hata cherehani ya mwanao, ambayo ndiyo inayotulisha tangu kiwanda kinipunguze kazini. Magauni ya mtaa mzima yamelala mezani. Mwanao, badala ya kulalamika, anamshukuru mama yake kwa kumpumzisha mgongo. Wameshaungana.

3. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara hana mama mkwe, hivyo taa zake zinawaka mvua na ngurumo. Wapita njia wanatazama kwake, kisha wanatazama giza langu, wanadhani nimekatiwa umeme. Juzi alinitumia mshumaa.

4. Si kwamba napuuza usalama. Nimefunika soketi ya nje kwa ndoo ya plastiki, kinga niliyoibuni mwenyewe. Mama aliitazama ile ndoo, akaichukua kwenda kufulia. Isitoshe, radi hupenda vitu virefu, na mti mrefu ni wa kinyozi. Yaani hatari ni yake, giza ni langu. Hapo haki iko wapi?

5. Watoto nao sasa wakisikia ngurumo wanashindana kuchomoa waya kabla ya bibi yao. Katika nyumba yangu mwenyewe nimebaki mpinzani.

Simfukuzi, Baba. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mwenyeji huyu hali inazidi kuwa mbaya.

Wasalimie mashemeji wote, wakubwa kwa wadogo, pamoja na jirani yako aliyeniazima ngazi.

Wako mtiifu, gizani,
Mkweo.

Nyongeza: Baba, kabla sijafunga bahasha, wingu limetanda. Mama alikuwa jikoni, nikanyemelea barazani kuchomeka taa ili nimwoneshe. Nikapapasa, sikupata cha kuchomeka: amekikata kichwa cha waya kwa mkasi. Nikageuka na hasira zangu kuja kuandika sababu ya sita, ndipo radi ikapiga kwa kinyozi. Yeye mwenyewe ni mzima, ila taa, televisheni na mashine zote za kunyolea zimeungua. Cherehani ya mwanao haina hata mkwaruzo. Nimeogopa, Baba, sikufichi; uniwie radhi kwa mwandiko. Mama ameniletea chai. Tafadhali usimwite. Ila nguo zake alizoziacha huko, naomba uzitume zote.