Malalamiko Dhidi ya Jirani Anayecheza Gemu Kabla Yangu

Mbaruku Swalihu,
Muuza vitenge, Kikuyu,
Dodoma.
18 Novemba 1999

Ndugu Yotham, Mtendaji wa Kata,

Natumaini hujambo wewe na familia, na kwamba ofisini maji yamerudi. Mimi mwili mzima. Roho ndiyo inayonileta kwako.

Mwezi wa nne mimi na mke wangu Khairat tulikwenda harusini Dar es Salaam, tukacheza mpira wa kwenye kompyuta kwa binamu yake. Khairat alicheka mpaka akakaa chini. Miaka tisa ya ndoa sijawahi kumchekesha hivyo. Nikaahidi kumjengea kompyuta ya kwetu, kipande kwa kipande, maana fundi Mudrick wa sokoni alisema kujenga ni nafuu kuliko kununua. Tuliporudi tu, jirani yangu Mwalimu Anthony akanunua mashine ndogo ya gemu, akaichomeka kwenye televisheni, akaanza kucheza kabla chai yake haijapoa. Matatizo yangu ni haya:

1. Nilianza na keisi, yaani kasha la nje la kompyuta, kwa kuwa ndiyo niliyoimudu. Ilikaa sebuleni miezi miwili ikiwa tupu. Wageni walinipa hongera, sikuwakatalia.

2. Kadi ya picha ilipanda bei mara tatu nikiwa bado nakusanya hela. Kila nikifika kwa Mudrick, nakuta dola imenitangulia. Nilipoipata, ikakataa kuingia kwenye madabodi, ule ubao unaoshika vipande vyote. Nikanunua madabodi nyingine, nayo ikaikataa pawasaplai inayoleta umeme. Kwa hela hizo Anthony angenunua mashine mbili na akabaki na ya nyama.

3. Ikabaki memori peke yake. Mudrick akanieleza kwa upole kwamba kumetokea tetemeko la ardhi Taiwani, memori zinakotengenezwa, hivyo bei imepanda zaidi ya mara mbili. Ndugu Mtendaji, nawapa pole watu wa Taiwani kwa moyo wote. Lakini ardhi itikisike kwao, nianguke mimi Kikuyu? Tuliambiwa soko ni huria. Sikujua lina uhuru wa kunifuata mpaka sebuleni.

4. Ili nipate monita niliuza televisheni. Tangu hapo Khairat huangalia taarifa ya habari kwa Priska, mke wa Anthony, na taarifa ikiisha wanacheza mpira. Juzi alijitanda mtandio akasema, "Baba Ikram, nipo kwa Priska. Hicho kitu chako kikiwaka, niite." Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniuma. Nikabaki na skrubu mkononi, nakisikia kicheko kile kile upande wa pili wa ukuta, na aliyekileta si mimi.

Kwa hiyo naiomba ofisi yako, kwanza, izuie mashine ya Anthony mpaka yangu iwake. Ikishindikana, aamriwe kuifungua yote na kuiunganisha upya mbele ya mashahidi, huku akinunua kila skrubu kwa bei ya siku hiyo. Mwisho, kata ipige marufuku kitu chochote kinachofanya kazi siku ile ile kinaponunuliwa, maana kinatuvunjia heshima sisi tunaojenga.

Nisalimie mama watoto, karani wako Ruthu, na wote wanaokaa kwenye lile benchi la nje wakisubiri mhuri.

Wako mwenye kila kitu isipokuwa memori,

Mbaruku Swalihu

N.B. Kabla sijafunga bahasha, Mwalimu Anthony amebisha hodi. Amekonda. Anasema Priska na Khairat wamekuwa wakimfunga tangu mwezi wa nane, na siku hizi hata zamu hawampi. Ameomba tubadilishane: achukue kompyuta yangu kama ilivyo, mimi nichukue mashine yake pamoja na televisheni. Nikamkumbusha kwamba kompyuta haiwaki. "Ndiyo ninayoitaka," akasema. "Nipate kitu ambacho hakuna atakayeninyang'anya." Tumebadilishana papo hapo. Priska hana neno, sasa yeye ndiye atakayekuja kwetu. Tafadhali futa yote niliyoandika, hasa lile la marufuku. Khairat yupo nyumbani. Ameshanifunga mabao matano, na amekaa chini kwa kucheka.