Gesti Iliyovaa Mbao

Jumatatu, 2 Juni

Masudi amebandika vigae. Ukuta mzima wa mbele wa gesti yake, kuanzia chini hadi kwenye bati. Jua la asubuhi likivipiga, mwanga unaingia mpaka mapokezi kwangu, ng'ambo ya barabara. Nimehudumia wateja nikiwa nimefumba jicho moja, kama mtu anayelenga shabaha.

Gesti yangu bado ina rangi aliyoipaka marehemu baba. Vyumba vingi ni vitupu. Mzee Mayala, mfanyabiashara wa ng'ombe, anaozesha binti yake wiki ijayo na anatafuta pa kulaza wageni kutoka Geita na Shinyanga. Melania, mke wangu, amesema tukiwakosa hao, nyumba tutaikodisha iwe ghala la mpunga. Akashauri tuende tukamsalimie mzee, tumwombe. Nikamjibu kwamba biashara haiombwi, inavutwa.

Jumatano, 4 Juni

Nimepata. Mbao!

Nimeona kwenye simu hoteli moja ya mbugani. Imevalishwa mbao nje kotekote, wageni wamekaa mbele yake wanacheka bila sababu yoyote. Vigae kila mtu anavyo, hata chooni. Ukuta wa mbao, Kahama nzima hakuna aliye nao.

Nimemwita Abel, seremala. Akasema tununue mbao zilizotiwa dawa ya mchwa, na kabla ya kuzibandika tugongelee papi, vile vipande vyembamba vya mbao, ukutani ili hewa ipite kwa nyuma. Nikamwambia ukuta haupumui. Melania naye akaanza na dawa, dawa. Nadhani wamepanga.

Ijumaa, 6 Juni

Dawa imepatikana, na ni ya jikoni. Nimeisikia kwa kinyozi, ambako Kudra, mchimbaji wa dhahabu wa Mwakitolyo, alikuwa akinyolewa. Kudra akasimulia kwamba ile miti inayozuia kuta za mashimo yao zisidondoke, ukiiloweka kwenye maji ya chumvi, mchwa haigusi. Nikamuuliza kama ameona mwenyewe. Akasema amesikia. Imetosha.

Nimenunua chumvi ya mawe mpaka mwenye duka akaniuliza kama nina samaki wa kukausha. Mbao zimeshazama kwenye mapipa nyuma ya nyumba. Abel anaziangalia kama mtu aliyepelekwa kumtambua maiti.

Jumatatu, 9 Juni

Imekwisha. Sijawahi kuona kitu kizuri namna hii kikiwa changu. Papi sikuweka. Nimevuka barabara mara kadhaa ili niitazame kwa mbali, na kila mara nimepita mbele ya Masudi taratibu. Akanipongeza, kisha akauliza kuku nitawaleta lini. Wivu.

Melania amekaa nje kwenye kiti akaitazama muda mrefu. Akakubali kwamba inapendeza. Nimefurahi kuliko nilivyomwonyesha.

Jumatano, 11 Juni

Siku ya mnada. Ng'ombe wanapita mbele ya gesti kama kawaida. Nilikuwa mlangoni nimevaa shati la harusi, maana nilisikia Mzee Mayala atapita.

Fahali mmoja mweusi akasimama. Akanusa ukuta. Akaulamba. Akafikiri kidogo, akaulamba tena. Nilipokwenda kumfukuza, wenzake walikuwa wameshafika. Kundi zima likajipanga ukutani kama watu wa benki. Nkwabi, mchungaji wao, akapiga mluzi, akapiga fimbo, akakata tamaa. Mteja wa chumba cha mbele akapiga simu mapokezi kulalamika kwamba kuna ulimi dirishani. Alikuwa anasema kweli. Masudi alileta kiti ili aone vizuri.

Ndipo akatokea Mzee Mayala. Ng'ombe ni wake.

Nilitamani kuingia ndani ya pipa. Melania akatoka, akamwamkia shikamoo, akamwekea kiti na chai. Mzee akaonja chai, kisha akauliza:

“Hizo mbao mmezitia nini?”

“Chumvi, mzee,” nikasema.

Alicheka mpaka kofia ikaanguka. Akasema lile dume jeusi limesusa kila kitu tangu alinunue, na leo ndiyo kwanza anaona linafungua kinywa. Anazitaka mbao zote, akazifunge zizini.

Melania akamwambia, kwa sauti yake ya kawaida tu, kwamba tumesikia ana wageni na tungependa kuwalaza. Mzee akafuta machozi. Akasema kwa nini hatukumwambia mapema, alidhani tumeshafunga. Watalala hapa.

“Ila mbao zitoke kwanza,” akasema, “ng'ombe wa mahari ya binti yangu watapita njia hii.”

Jumapili, 15 Juni

Harusi imekwisha, vyumba vyote vilijaa, wageni wameaga wakishukuru. Ukuta umebaki na matundu ya misumari. Melania amenieleza, kwa upole, kwamba ilitosha kuomba. Sikubishana naye. Hajui kwamba mbao ndizo zilizomsimamisha mzee.

Kosa lilikuwa chumvi peke yake. Jana harusini nilikaa na mtu wa mashamba ya miwa, akanieleza habari za molasesi, yale maji mazito meusi yanayobaki sukari ikishatolewa. Ubao ukiyanywa, unang'aa kuliko kigae. Nimeshamwagiza Abel mbao mpya. Akauliza na ng'ombe je. Nikamwambia sijawahi kumwona ng'ombe akitia sukari kwenye chai.