Kamati Iliyomsimamisha Papa huko Miyuji

Hatimaye uamuzi ulitolewa, na ulitolewa kwa kufuata taratibu. Jumapili ya Matawi, mbele ya waamini wote wa Kigango cha Mtakatifu Klotilda, Miyuji, Mzee Anselmi alitangaza kwamba maamuzi ya Papa ya miaka ya hamsini yamesimamishwa hadi yatakapopitiwa upya. Agizo hilo lingehusu eneo la kuanzia mashine ya kusaga hadi bomba la maji la mtaa. Nje ya hapo, Papa aliachwa aendelee na kazi zake.

Mzee Anselmi hakuwa mtu wa kukurupuka. Alistaafu wizarani, alikosifika kwa kurudisha majalada yasiyo na muhuri, na sasa alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Kupitia Upya Maamuzi ya Mapapa, kamati aliyoiunda mwenyewe na kujiteua kwa kauli moja. Alikuwa amesoma kwenye simu kwamba zamani Mkesha wa Pasaka ulifanyika Jumamosi asubuhi, Papa wa miaka hiyo ya hamsini akauhamishia usiku. Zamani mtu alifunga tangu usiku wa manane, bila hata tone la maji, ndipo apokee Komunyo. Papa huyo huyo akaruhusu maji, kisha akaupunguza mfungo wenyewe. Wapo Wakatoliki wanaolalamika hadi leo kwamba hapo ndipo mambo yalipoanza kulegea. Mzee Anselmi naye aliumia, ila kilichomuuma zaidi ni kwamba hakukuwa na kikao cha wadau.

Paroko, Padri Elisante, alimsikiliza hadi mwisho. Akamweleza kwa upole kwamba Papa yule aliwafikiria hata watu wa jua kama hili la Dodoma. Mzee Anselmi akataka kujua muhtasari wa kikao uko wapi.

Basi Jumamosi Kuu asubuhi kamati ilifanya mkesha wake uwanjani, kwa ruhusa ya Paroko, ambaye aliuita mazoezi. Moto uliwashwa katikati ya jua na haukuonekana. Mwenyekiti akaagiza watu wafumbe macho ili giza lipatikane. Giza lilipatikana bila gharama yoyote, isipokuwa walipofumbua walikuta mbuzi wa Mama Restuta amemaliza nusu ya maua ya altare.

Lakini roho ya Mzee Anselmi ilikuwa kwenye Jumapili ya Pasaka, kesho yake. Baba Askofu angekuja kutoa Kipaimara, na mwenyekiti angemsomea risala kabla ya Misa. Miaka yote wizarani aliandika risala, wakasoma wakubwa. Hii angeisoma mwenyewe, na aliitaka kuliko kitu chochote duniani. Suti ilikuwa imeshapigwa pasi, na kiti chake chenye mto kilikuwa kimeshawekwa mstari wa mbele.

Ili Papa asije akapenya kwa mlango wa nyuma, simtanki la kanisa liliwekewa ulinzi. Rodgers, mgambo mwenye kitambi na rungu, alisimamishwa kwenye koki na kupewa agizo kwamba hakuna kunywa kabla ya Komunyo, bila kujali cheo.

Misa ilikuwa ya saa nne. Hadi saa saba Baba Askofu alikuwa bado vigango vya huko nyuma, na jua lilikuwa utosini. Waamini walikuwa wameshakunywa maji yao kimya kimya nyumbani. Mzee Anselmi hakuwa amegusa kitu tangu jana, kwa kuwa yeye ni mtu wa msimamo. Gari la Askofu lilipotokea, alisafisha koo na kujaribu "Tumsifu Yesu Kristo". Ikatoka sauti ya bawaba kavu. Alipojaribu tena, haikutoka hata hiyo. Akakimbilia kwenye simtanki.

"Rodgers, nipe maji kidogo," alinong'ona.

"Shikamoo, mzee. Kuna agizo."

"Agizo nimelitoa mimi."

"Ndiyo maana nalilinda, mzee wangu. Labda kikao kilitengue."

"Basi naitisha kikao, sasa hivi."

Rodgers akatazama huku na huku. "Wadau wako wapi?"

Mzee Anselmi akampita, akafungua koki mwenyewe na kukinga kopo. Rodgers, kwa kuheshimu mvi, aligeuka akatazama ukuta.

Huko getini Askofu alikuwa ameshashuka. Ursula, katibu wa kamati, alimtafuta mwenyekiti kwa macho asimwone, na kwa kuwa itifaki haisubiri, akashika maiki akaisoma risala mwenyewe. Aliisoma vizuri, bila haraka, hadi alipofika penye ombi kuu.

"Baba Askofu, utufikishie Roma swali letu. Ni nani aliyewaruhusu Wakatoliki kunywa maji?"

Uwanja mzima ukageukia simtanki. Mzee Anselmi alikuwa na kopo mdomoni, maji yanamtiririka hadi kwenye tai.

Baba Askofu naye alitazama, bila haraka. "Na kamati inapendekeza anayekunywa afanyweje?"

Ursula akafunua ukurasa. "Avuliwe uongozi, Baba, na asikae mstari wa mbele."

"Nimepokea," alisema Askofu. "Utekelezaji uanze leo."

Rodgers akauchukua ule mto na kuupeleka benchi la mwisho. Mzee Anselmi alitaka kupinga kwamba wadau hawakushirikishwa, na sauti ilikuwa imeshamrudia vizuri kabisa. Lakini wadau wote walikuwepo, na walikuwa wanapiga makofi.