Gari la Mbio na Tuta la Haji Yaqoob

Jumapili, 9 Novemba

Nimenunua! Mke wangu Nighat alinikabidhi fedha zake za upatu na maagizo mepesi: nenda soko la magari la Jumapili, uniletee gari dogo la familia, lisilo na makuu. Nimeleta la mbio. Jekundu, la Kijapani, milango miwili, turbo, na tundu kubwa la hewa juu ya boneti. Lahore nzima iligeuza shingo.

Sikukurupuka. Niligonga mabati yote kwa kifundo cha kidole, kama wafanyavyo wajuzi, nikisikiliza kama kuna mahali palipozibwa. Mlio mzuri. Muuzaji akaapa kwamba mwenye gari alikuwa daktari wa kike, safari zake hospitali na nyumbani tu. Nikauliza mbona kiti cha dereva kina matundu ya sigara. Akasema daktari huyo alikuwa na mawazo mengi. Maskini.

Hesabu yangu ni hii. Gharama peke yake haisemi kitu, lazima uigawanye kwa raha. Gari la familia lina raha sifuri, na aliyesoma anajua kwamba ukigawanya kwa sifuri, jibu halina mwisho. Kwa hiyo nimeokoa fedha. Nilimweleza Nighat hatua kwa hatua. Amekwenda kulala kwa mama yake.

Jumatatu, 10 Novemba

Nighat amerudi, na mama yake pia. Masharti yametolewa wakati wa chai, wao wameketi, mimi nimesimama. Waqas, mdogo wake Nighat, anaoa Jumamosi. Gari langu ndilo litakalompeleka ukumbini. Likimfikisha kwa heshima, linabaki. Likimwaibisha, Jumapili linarudi sokoni. Nimekubali kabla mama mkwe hajamaliza kusema. Ukumbi uko karibu na soko la mboga! Gari hili lingefika Islamabad chai ikiwa bado ya moto.

Alfajiri nililingurumisha kidogo ili injini ipate joto. Haji Yaqoob, jirani yetu, mstaafu wa idara ya maji, akatoka na blanketi begani akilalamika kwamba nimemvurugia sala. Nikamwambia huo ni mlio wa thamani. Akajibu taratibu, "Sawa, mwanangu. Tutaiona hiyo thamani." Sikuipenda hiyo sawa yake.

Jumatano, 12 Novemba

Tuta! Haji amejenga tuta mbele ya lango lake. Mtaani kwetu kila mwenye lango na mfuko wa saruji hujijengea lake, hakuna anayeomba ruhusa. Ila yale mengine ni matuta ya kiungwana, nimezoea kuyapita upande upande kama kaa. Hili la Haji ni kaburi la ngamia.

Magurudumu ya mbele yalipanda. Kisha gari likatua kwa tumbo na kubaki linabembea. Wauza maziwa wawili walilinasua. Mmoja akauliza kwa nini mtu mzima anunue gari lisilo na miguu. Mimi nilikuwa natafuta kipande cha bampa.

Alhamisi, 13 Novemba

Mkakati: utamu. Nilimpelekea Haji kilo nzima ya barfi, nikamwomba alivunje tuta lake kwa siku moja tu, kwa ajili ya harusi. Akasema sukari yake iko juu, akala kipande. Akasema daktari amemkataza, akala cha pili. Kisha akanifahamisha kwamba tuta ni la kuwalinda watoto wa mtaa, au nataka wagongwe? Mtoto mdogo kuliko wote mtaani kwetu ana kipara.

Jioni nilikaa ndani ya gari likiwa limezimwa, mikono kwenye usukani. Raha: nane kwa kumi. Gharama: hakuna. Ugunduzi mkubwa! Gari la mbio ni rahisi kabisa ukiliacha limesimama. Nighat aliniletea dengu na chapati, akanipitishia dirishani kama mfungwa.

Ijumaa, 14 Novemba

Ushindi. Seremala amenikatia mbao mbili, moja ya kupandia tuta, nyingine ya kushukia. Nikajaribu. Nimepita! Haji alikuwa barazani, nikampungia mkono polepole sana.

Jioni nikaagiza waridi za kupamba boneti. Muuza maua akauliza kama aliache wazi lile tundu la hewa. Nikamwambia azibe kila kitu. Tundu kwenye gari la harusi? Hana macho huyu.

Jumamosi, 15 Novemba

Naandika kwa kifupi maana naumwa roho.

Waqas aliingia na kilemba chake na shada la noti shingoni. Mama mkwe akakunjwa kiti cha nyuma, magoti karibu na masikio, Nighat kando yake. Bendi mbele. Tukafika kwenye tuta. Jana nilikuwa peke yangu garini, leo tulikuwa wanne, na mmoja wetu ni mama mkwe. Mbao zikavunjika zote mbili. Tumbo juu ya tuta, magurudumu hewani. Nikazidisha mafuta. Boneti ikaanza kutoa moshi wenye harufu ya halua.

Bendi haikunyamaza. Wanalipwa kwa wimbo.

Ndipo Haji akaja upande wa pili na kigari chake cha zamani. "Ingia, bwana harusi, wakwe wanakusubiri." Waqas akaruka tuta kwa miguu, noti zinapepea. Mama mkwe alitoka kinyumenyume, akajinyoosha, akasema, "Shafqat, mwanangu, gari lako zuri. Kosa letu ni kutaka litupeleke mahali." Nighat aliondoka nao bila kugeuka. Hilo liliniuma kuliko bampa. Niliona aibu, na sioni haya kuiandika.

Jumapili, 16 Novemba

Nimeliuza kwa hasara. Nighat alinipa nafasi ya mwisho, akasema nitumie akili.

Nimeitumia. Usiku kucha nimechambua kosa langu, na liko wazi: lile gari lilikuwa chini mno. Kwa hiyo leo nimenunua jipu la mashindano ya jangwani. Refu! Ngazi ya kupandia imo. Limevutwa na punda hadi mtaani na kuvuka tuta la Haji bila kuligusa. Nikapiga honi mbele ya baraza lake. Honi ni nzima.

Nighat yuko dirishani, amejishika kichwa. Ni furaha, bado haijamwingia vizuri. Injini inakuja Alhamisi kutoka Multan. Muuzaji ameapa.