Sifa Zangu za Kuingia Tume ya Wanyamapori

Jumatatu, 4 Novemba
Mzee Lund amejiuzulu Tume ya Wanyamapori ya jimbo. Goti linamsumbua. Kiti cha wilaya yetu kiko wazi, na gavana anataka jina kabla ya Siku ya Shukrani, mwisho wa mwezi huu. Jina ni langu: Virgil Stroud, mwenye lori la kunyonya vyoo katika kaunti tatu. Nilianza na koleo, tena la kuazima.

Fomu inauliza sifa. Anayewajua wanyama: kutwa niko nyuma ya nyumba za watu, na huko ndiko kulungu waliko. Mvumilivu: nimeomba kibali cha kuwinda kondoo wa mlimani miaka kumi na tisa. Bahati nasibu inachezeshwa, jina langu halitoki. Kumi na tisa! Arlys Thorsen, mwalimu mstaafu wa biolojia, aliomba mara moja, akapata. Akapanda mlima, akampiga kondoo picha, akashuka. Picha!

Naye anakitaka kiti.

Sifa ya mwisho: asiwe amepigwa faini ya wanyamapori kwa miaka kumi. Nikaandika SIFURI, herufi kubwa.

Jumanne, 5 Novemba
Siku ya kukusanya barua za kuniunga mkono. Asubuhi kwa wafugaji. Haugen analia kwamba kulungu mia mbili wanammalizia majani ya ng'ombe. Nikaahidi kuwapunguza nusu. Barua sita. Mchana klabu ya wawindaji. Wanalia kwamba kulungu wamekwisha. Nikaahidi kuwazidisha mara mbili. Barua tano. Jumla kumi na moja. Arlys ana nne.

Mke wangu Nadine akauliza kulungu watapunguaje huku wanaongezeka. Nikamwambia hiyo ni siasa. Akasema, "Haya, mheshimiwa. Taka zinasubiri kutolewa nje."

Jumatano, 6 Novemba
Nani alijenga mkahawa wenye meza moja? Haugen na mwenyekiti wa klabu walikaa bega kwa bega, pai mbele yao, wakinisifu. Kila mmoja kwa lake. Nilipoingia tu, Haugen akapaza sauti: "Virgil, njoo bwana, tufanyie hesabu. Mia mbili, toa nusu, halafu zidisha kwa mbili. Tunabaki na ngapi?"

Mia mbili. Nilijibu kabla sijafikiri. Ni mazoea. Mkahawa mzima ukaangua kicheko, na mpishi akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Arlys, naye alikuwepo, hakucheka. Alinivutia kiti, akaniagizia kahawa. Dharau gani hii!

Barua zilizobaki: moja. Ya shemeji Merle.

Alhamisi, 7 Novemba
Usaili kesho saa tatu, ukumbi wa kaunti. Nadine anasema sifa kubwa kuliko zote ni kusikiliza. Akaeleza kirefu. Baadaye akataja Kip Delgadillo, askari wa wanyamapori, na barabara ya mtoni, na kitu ambacho mke wa Kip alimwambia saluni. Sikukipata. Nilikuwa nahesabu wajumbe wa usaili: wako saba, kura nne zinatosha.

Ijumaa, 8 Novemba
Hasira tupu. Naandika kwa mpangilio.

Saa moja asubuhi, barabara ya mtoni, nikiwa na suti ndani ya lori. Kulungu dume kando ya njia. Pembe zina ncha kumi! Kibali ninacho, msimu ni wake. Ni kweli hairuhusiwi kupiga risasi kutoka garini. Lakini hebu fikiria mwombaji anayefika kwenye usaili na dume la namna hiyo juu ya lori. Nikashusha kioo.

Risasi ya kwanza: akageuza kichwa. Ya pili: akageuza upande wa pili. Ya tatu, hivyo hivyo. Baada ya ya nne Kip akatoka vichakani, rimoti mkononi.

"Mzee Virgil, pole. Huyo ni sanamu. Tunawategea wanaopiga wakiwa garini."

Nikamuuliza kwa nini hakunizuia baada ya ya kwanza. Akasema alidhani nimeshatambua. Akaninyang'anya bunduki, akaniandikia faini. Nilimsahihisha jina la barabara.

Ukumbini wakauliza kama nimewahi kupigwa faini. Nikajibu kwa uaminifu: hapana, hadi saa moja na dakika kumi leo. Mwanamke mmoja alilazimika kutoka nje akajichekee.

Kiti amepata Arlys. Saba kwa sifuri.

Nadine alisema tu, "Nilikwambia jana." Hakuniambia lolote!

Jumapili, 10 Novemba
Jaji ataamua Desemba kama nitafungiwa kuwinda. Hadi hapo kibali changu ni halali. Arlys amepiga simu: angependa nimsaidie kuhesabu kulungu wakati wa baridi, maana nyua zote nazijua. Nimekataa. Sifanyi kazi chini ya mpiga picha.

Leo nikitoka kanisani nimemwona dume barabara ya mtoni, pale pale. Ncha kumi na mbili. Nimepiga hesabu: sanamu liko moja kaunti nzima, na Kip hawezi kuwa mjinga wa kulirudisha mahali nilipolitoboa mara nne. Kwa hiyo huyu ni wa kweli. Kichwa chake nitampelekea gavana mwenyewe, ajue amepoteza mjumbe wa namna gani.

Merle amenipa bunduki yake. Nadine ameanza kusema kitu, nikamwambia baadaye. Faini nimeisoma mara mbili, neno kwa neno: imeandikwa dirisha la dereva. Kesho natumia la abiria.