Malkia Niliyemtunga kwa Ajili ya Chuo

Jumatatu, 3 Machi
Binti yangu kapiga simu. Anasomea mambo ya watu weusi, na kazi yake ya mwisho chuoni ni hii: nyimbo za kubembeleza watoto, za kwetu na za ndugu zetu weusi waliovukishwa bahari zamani zile. Anataka kunirekodi mimi! Nimewaambia wateja wote waliokuja kushonewa, na wawili waliokuwa wanapita tu. Jirani yangu Mama Daktari (mwanawe anasomea udaktari, hatupumziki) akauliza, kwani weusi nao unasomewa? Si angejitazama kwenye kioo? Nikamjibu kioo hakitoi shahada.

Jumatano, 5 Machi
Balaa. Nimekumbuka kwamba wimbo niliokuwa nikimwimbia binti yangu utotoni hauna maneno. Ni mh-mh-mh tu, yeye mgongoni, mguu wangu kwenye cherehani. Ndio wa kupeleka chuo kikuu huo? Nimetunga mwingine. Una malkia, simba, na beti saba. Nitasema ni wa bibi mzaa bibi yangu.

Ijumaa, 7 Machi
Binti yangu kaja kunirekodi. Nimeimba mpaka kuku wakatoka uani. Ubeti wa tatu akazima simu ya kurekodia. Akauliza, kwa adabu, kwa nini malkia anaimbiwa kwa tuni ya tangazo la sabuni. Nikasema labda sabuni ndiyo iliyoiba. Hakucheka. Akasema akipeleka uongo huu watamfelisha, na Jumanne ndiyo siku ya kuwasilisha. Hana muda wa kutafuta mama mwingine. Akaingia chumbani. Hata chai hakunywa, mtoto wa watu.

Jumamosi, 8 Machi
Moyo mzito. Nikakaa kwenye cherehani, nikashona mikono ya sare, nikaguna zangu mh-mh-mh. Mara nikahisi joto mgongoni. Binti yangu kaegemeza shavu pale pale pa zamani. Jitu zima! Na simu inarekodi. Akanong'ona, ndio huu. Nikamwambia hauna maneno, mwanangu. Akasema wengi waliovukishwa walinyang'anywa hata maneno, Mama, na watoto wao walilala hivyo hivyo. Nikashona mkono wa kushoto kulia. Sikujali.

Jumanne, 11 Machi
Chuoni. Nilikaa mbele kabisa. Mh-mh yangu ikatoka kwenye spika, na cherehani tak-tak, tak-tak. Mwalimu wake, mama wa makamo aliyezaliwa ng'ambo, wa uzao wa hao waliovukishwa, akaanza kukanyaga sakafu polepole, kama na yeye ana cherehani chini ya meza. Kisha akavua miwani, akafuta macho. Binti yangu amefaulu! Tena sana!
Nje mwalimu akanishika mikono yote miwili. Akauliza kama najua na kusuka vikapu, wanafunzi wake wanatafuta mwalimu wa wiki ijayo. Binti yangu akanikanyaga mguu. Nikasema nasuka tangu tumboni mwa mama yangu.
Kesho asubuhi na mapema naenda kwa Mama Daktari. Yeye ndiye anayejua kusuka vikapu, si mimi. Nitamwambia nimekuja kumkagua.